Rekodi Arobaini na Tatu

Soko la Tandika siku ya Jumamosi halina adabu. Nusaiba alisukumwa na mabega ya watu mpaka akajikuta ndani ya duka la muvi, dera lake la kijani limekunjamana, mkononi flashi na karatasi ya chuo.

"Karibu sista. Ya Kihindi au ya Kikorea?"

"Mie nataka hizi."

Somo lenyewe lilikuwa historia ya Ulaya ya kisasa na umwagaji damu wa kisiasa, na Dokta Adelard alilifundisha lote kwa filamu: vita vya Wahispania, mabomu ya Waitaliano, askari kanzu wa Ujerumani Mashariki. Mwenye duka, kijana mrefu mwenye mwanya aliyeitwa Twalib, aliisoma orodha akiguna.

"Hizi hazina hata ngumi moja. Nani anaziangalia?"

"Wenye akili."

"Basi na mie nihesabu humo. Acha namba, nikizipata nitakupigia."

Alizipata, akapiga, na hakuacha tena kupiga. Kila alasiri Twalib alikuwa akitafsiri muvi za mapigano kwa kipaza sauti katika vibanda vya video vya Mbagala, mahali ambapo Nusaiba, binti aliyelelewa na baba yake mdogo kwa heshima zote, alikuwa hajawahi kutia mguu. Mapenzi yao yakawa ya simu.

"Nusa wangu, leo mmeangalia nini?"

"Ya mke aliyefungua jalada lake baada ya ukuta wa Berlin kuanguka. Akakuta aliyekuwa akimchongea kwa askari kanzu miaka yote ni mumewe."

"Hebu rudia hapo, laazizi, polepole. Alikuwa anaandika nini?"

"Kila kitu. Alichokula, aliyemtembelea, siku alizolia."

"Duh! Na mume alikubalije?"

Kwao hakuna aliyewahi kumuuliza amesoma nini. Nusaiba alimpenda Twalib, tena sana, na miezi mitano haikwisha wakakubaliana: barua ya posa ipelekwe kwa baba mdogo Mwishehe, Ijumaa baada ya swala.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo walikuwa dukani. Twalib akampa simu yake aangalie picha ya kitanda alichoagiza kwa fundi wa Keko, kisha akageuka kumhudumia mteja. Kidole cha Nusaiba kikagusa pasipopaswa. Likafunguka faili la rekodi za sauti: NUSA 1, NUSA 2, hadi NUSA 43. Alipobonyeza moja akasikia sauti yake mwenyewe ikizungumza, na kicheko chake, na "usiku mwema mpenzi" yake. Akairudisha simu, akakisifia kitanda, akaaga kwamba kichwa kinamuuma.

"Huyo ana mke," alisema shoga yake Naima kwenye simu. "Wanakusikiliza wote wawili, wanacheka."

"Au ananiweka akiba. Siku nikimuudhi, anitupe mtandaoni."

"Si umuulize tu!"

"Mwizi ukimuuliza atakwambia ndiyo? Namtega. Wale askari kanzu wakimshuku mtu, walikuwa wanampa uongo mmoja, yeye peke yake, halafu wanangoja utokezee wapi. Na nisipojua kabla ya Ijumaa, namwambia baba mdogo barua irudi ilikotoka."

Jioni Twalib alipopiga, alimpa uongo wake.

"Ule ukuta, upande wa Mashariki waliupaka pinki. Eti watoto wasiogope."

"Pinki?"

"Pinki kabisa."

"Rudia, laazizi, polepole."

Akarudia, machozi yanamtoka, kisha akampigia Naima kumwambia uongo wenyewe.

Alhamisi alasiri Naima akapiga kutoka kwao Mbagala, anahema. "Nusa, njoo Kizuiani mbio! Nipo nje ya kibanda cha video. Uongo wako unatoka kwenye spika!"

Kwa mara ya kwanza Nusaiba akaingia kibandani. Mabenchi yalijaa mama lishe na madereva wa bodaboda, helmeti mapajani. Hakuna aliyekuwa akipiga soga. Kwenye televisheni, katika filamu isiyo na rangi, mwanamke alikuwa akifungua majalada, na mbele Twalib alikuwa amewapa watu mgongo, kipaza sauti mkononi.

"Mama wa watu anasoma: 'Leo mke wangu kala viazi, kisha kalia.' Jamani, aliyeandika analala naye kitanda kimoja! Na huo ukuta dirishani, mnauona mweusi, ni pinki huo. Mie nimeishia darasa la saba, lakini mwalimu wangu hajawahi kunidanganya."

Mama mmoja akajifuta macho kwa khanga. Nusaiba aliona haya mpaka masikio yakamchoma, na hasira juu yake.

"Si kweli!" Vichwa vyote vikageuka. "Haukuwa pinki. Nilikudanganya."

Twalib akashusha kipaza sauti. "Kwa nini, Nusa?"

"Kwa nini umenirekodi?"

"Nisingekumbuka yote. Na nikikuuliza mara mbilimbili ungeniona mbumbumbu."

"Ungeniomba ruhusa."

"Nilishindwa. Wewe wa chuo, mie wa kibandani."

"Siku nne nakuona askari kanzu, Twalib. Siku nne sili."

"Nyie, muvi inakwenda!" akafoka dereva mmoja.

Twalib akainua kipaza sauti. "Watazamaji, ukuta haukuwa pinki. Mchumba wangu kanidanganya, na mie nilimwibia sauti yake. Tumekosa wote." Kibanda kizima kikaangua kicheko. Akamkabidhi simu bila kuambiwa, naye Nusaiba akafuta moja baada ya nyingine, zote arobaini na tatu. Twalib hakumzuia wala hakuomba hata moja ibaki. Lakini njiani kurudi, shaka ikamnong'oneza: je, kama anazo nyingine mahali?

Ijumaa mshenga alikuwa sebuleni amevaa kanzu iliyopigwa pasi, bahasha imewekwa kwenye sinia juu ya kitambaa cheupe. Baba mdogo Mwishehe akamwita Nusaiba chumba cha ndani, akasindika mlango.

"Mwanangu, huyu kijana unamjua vya kutosha? Sema kweli, nisije kukupoteza."

Nusaiba akamfikiria yule mume wa kwenye filamu, aliyemjua mkewe mpaka hesabu ya viazi, na bado akamchongea.

"Hapana, baba mdogo," alisema. "Ipokee."