Sauti Yangu Iliimba Bila Mimi

Nilikuwa nyuma ya pazia, maiki mkononi. Bendi imeanza... mimi hata mdomo sijafungua...

Sauti yangu ikaanza kuimba!

Jamani, yangu kabisa! Nani asiyeijua sauti yake?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkasema nimechanganyikiwa.

Kila Jumamosi pale klabu, aliyeonekana jukwaani ni mdogo wangu. Gauni la kumetameta, kiuno, tabasamu. Maiki yake imezimwa. Mwimbaji ni mimi, nyuma ya pazia, nimekalia kreti la soda.

Bosi ndiye aliyepanga.

"Wewe una sauti, mwenzio ana sura. Riziki mtakula wote."

Nikakubali. Mama alipokuwa anakata roho aliniusia nisimwache mdogo wangu. Damu nzito kuliko maji, nikajisemea. Mjinga mimi!

Tatizo lilikuwa moja. Asiyeimba husahau kupumua! Mtu anafungua mdomo mstari mzima, kifua hakipandi wala hakishuki. Watu wa meza za mbele wangeshtuka. Kwa hiyo kabla ya kila kiitikio nilisogeza maiki pembeni, nikamnong'oneza: "Pumua!"

Sasa wiki ile mchumba wangu, fundi mitambo wa palepale klabu, akanibembeleza mazoezini.

"Mpenzi, leo imba kwa moyo wote. Nataka kuziweka spika sawa."

Nikaimba mpaka machozi. Kumbe ananirekodi!

Basi usiku ule, sauti ilipoanza bila mimi, nikachungulia pazia. Fundi wangu kainamia mitambo, hanitazami. Mdogo wangu akageuka... akanikonyeza!

Nikamfuata bosi kaunta.

"Bosi, hii nini?"

"Teknolojia, dada. Pumzika sasa."

"Mdogo wangu anajua?"

"Wazo lenyewe ni lake! Yeye na fundi wako... kwani hujaambiwa?"

Nikashika kaunta.

Na hapohapo spika zikanguruma kwa sauti yangu ileile, klabu nzima ikasikia:

"Pumua, we mjinga!"



Mazoezini huwa namkaripia, tena kwenye maiki. Fundi kasahau kukikata kipande hicho kwenye rekodi!

Mdogo wangu kaganda, mdomo wazi. Mungu si Athumani, nikasema. Leo wameumbuka!

Meza moja ikacheka. Ya pili. Klabu nzima ikasimama... ikapiga makofi!

"Rudia! Rudia!"

Walidhani ni mbwembwe za shoo!

Leo mji mzima unaimba "Pumua, we mjinga". Mdogo wangu anaitwa Malkia Pumua. Fundi ndiye meneja wake... na mumewe.

Jumamosi iliyopita uchungu ulinishinda, nikaenda klabu. Mlangoni baunsa mpya.

"Dada, unaenda wapi?"

"Ndani. Ile sauti ni yangu."

"Wote mnasema hivyohivyo."

Nikaimba palepale, bila maiki, kiitikio kizima. Foleni nzima ikageuka. Baunsa akanitazama, akatikisa kichwa.

"Aisee, dada, unamuiga vizuri! Ila hapo kwenye 'pumua'... bado hujamfikia."

Foleni ikacheka. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nalia njia nzima.

Ndugu zangu, kumsaidia wa tumbo moja sikatazi. Ila sauti yako usimwazime mtu. Siku ukiidai, utaambiwa unaiga.