Mauwa Alibaki Darasani

Siku zile Mtoni iliamka na nyimbo. Kabla jua halijachomoza sawasawa, watoto wa shule walikuwa wameshajipanga kwa mchakamchaka, wakikimbia kando ya barabara ya Kilwa huku vumbi likiwafika magotini. Wengine walibeba fagio za chelewa, wengine vidumu vya maji ya kumwagilia mchicha wa shule. Waliosoma pale sasa ni watu wazima, lakini wakikutana msibani au harusini, hawamalizi hata kikombe cha chai kabla ya kuzikumbuka asubuhi hizo.

Aliyeanzisha nyimbo alikuwa Yustina wa darasa la saba. Sauti alikuwa nayo, urefu alikuwa nao, na maringo kidogo pia alikuwa nayo. Baba yake, mchonga vinyago aliyehamia mjini kutoka Masasi, alipenda kusema kwamba binti yake amezaliwa na filimbi kooni.

Mwaka huo vibanda kadhaa vya jirani viliungua moto. Mwalimu Atuganile, aliyekuwa Mwalimu Mkuu, akasema shule yenye mapaa ya makuti haiwezi kukaa hivihivi ikingojea bahati. Akaweka mpango. Rimu la lori lililotundikwa mbele ya ofisi likigongwa mfululizo, kila darasa litoke kwa mstari hadi uwanjani. Mwalimu Adelard alifundisha darasa la kwanza na la pili kwa zamu, maana walimu walikuwa wachache. Kwa hiyo Yustina akapewa kazi ya kuwatoa watoto wa darasa la kwanza. Wakifika uwanjani, kila kiongozi ahakikishe watu wake wametimia, kisha atangaze, "Wote tupo!"

Mpango ulikuwa mzuri. Lakini watoto wa zama zile, ukiwapanga mstari tu, wamekwishaanza gwaride! Zoezi la pili likawa na wimbo. La tatu likawa na ngoma, iliyopigwa na Fransis wa darasa la saba. Watoto wakajifunza kuinua mikono pamoja na kugeuza shingo pamoja. Wageni kutoka wilayani walipoona, walipiga makofi mpaka wakaomba lirudiwe. Shule ikaambiwa ijiandae kulionyesha zoezi hilo sikukuu ya Saba Saba.

Yustina alifurahi kupita kiasi. Jambo moja tu lilimkera. Katika darasa la kwanza alikuwapo Mauwa, mtoto mpole ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kidogo. Wenzake walipokanyaga kushoto, yeye alikuwa bado kulia, na mstari mzima ulipinda nyuma yake.

"Mauwa, mdogo wangu," Yustina alimwambia siku moja, "sie tukienda kufanya zoezi, wewe kaa."

"Nikae hapahapa, dada?"

"Hapahapa. Usitoke mpaka nikufuate."

Mauwa akakubali kwa kichwa. Tangu siku hiyo rimu lilipogongwa, yeye alibaki kwenye gogo lake la kukalia, la mwisho darasani, akisikiliza ngoma ya wenzake kwa mbali. Uwanjani Yustina alitangaza "Wote tupo!" na hakuna aliyeuliza kitu. Mstari ulinyooka, na Yustina akaona amefanya la maana.

Zilikuwa zimebaki siku chache kufika Saba Saba. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma tangu alfajiri. Cheche zikaruka kutoka jikoni, palipopikwa uji wa wanafunzi, zikatua kwenye paa la darasa la kwanza. Makuti makavu hayana subira. Moshi ulipoonekana, moto ulikuwa umekwishashika upande mmoja wa paa.

Rimu likagongwa mfululizo.

Yustina alikimbilia darasa la kwanza kama alivyofundishwa. Kwa mazoea watoto walikuwa wamekwishajipanga mlangoni, na Fransis naye, kwa mazoea hayohayo, alikuwa akitafuta ngoma yake. "Acha ngoma!" Yustina alimpigia kelele. Akatangulia mbele, watoto wakamfuata huku wakikohoa. Hakugeuka nyuma hata mara moja, kwa sababu kwenye gwaride kiongozi hageuki.

Uwanjani Mwalimu Atuganile alikuwa akiyaita madarasa moja moja. "Darasa la pili!" "Wote tupo!" Mwalimu Adelard alikuwa pamoja nao, jasho likimtiririka. "Darasa la kwanza!"

Yustina akafungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari ulimini, aliyazoea mno. Akautazama mstari wake ulionyooka vizuri, na hapo akamkumbuka Mauwa. Kama angetamka tu, hakuna ambaye angejua wakati ule. Na kama angesema kweli, shule nzima ingejua alichokifanya.

"Hatujatimia!" akalia kwa sauti. "Mauwa yumo ndani, Mwalimu! Amekaa kwenye gogo la mwisho, karibu na dirisha la nyuma. Mie ndiye niliyemwambia asitoke!"

Mwalimu Adelard hakungoja amalize. Yustina akataka kumfuata mbio, lakini Mwalimu Atuganile akamdaka mkono. "Wewe baki na wenzako! Umeshasema yuko wapi, inatosha."

Mwalimu Adelard alizunguka nyuma, akapasua vibao vya dirisha kwa bega, akaingia. Kisha akatokea na kitoto mabegani, macho mekundu, shati limejaa masizi. Hawakufika mbali kabla paa halijaporomoka. Majirani walikuwa wameshafika na ndoo za maji na mchanga, wakauzuia moto usihamie madarasa mengine.

Yustina alipiga magoti mbele ya Mauwa. Mtoto alikohoa, akafuta machozi ya moshi, kisha akamtazama kwa fahari.

"Nilikaa, dada," alisema. "Kulikuwa na moto, lakini mie sikutoka. Si ulisema nikae?"

Yustina alimkumbatia, akalia kilio ambacho hakuwahi kulia. Afadhali mtoto yule angemlaumu.

Jumamosi Mtoni nzima ilikuja kujenga kwa msaragambo. Wanaume walisimamisha nguzo, akina mama walipitisha makuti mapya mkono kwa mkono, nyimbo zikaimbwa, na uji ukapikwa mbali, upande wa pili wa uwanja. Baba yake Yustina alikuwa juu ya paa tangu asubuhi, akifunga makuti. Yustina aliomba ruhusa, akawaomba radhi wazazi wa Mauwa mbele ya watu wote.

Mwalimu Atuganile akasimama karibu naye. "Kosa hili si la Yustina peke yake," alisema. "Hata mimi nilipenda yale makofi ya wageni. Nilipaswa kuhesabu watoto, nami nikawa natazama mistari. Ila Yustina alisema kweli pale ambapo kuchelewa kidogo tu kungetuletea msiba, na kwa hilo namshukuru."

Jumatatu, katikati ya somo la hesabu, rimu likagongwa bila taarifa. Hapakuwa na ngoma wala wimbo. Darasa la kwanza lilitoka likiongozwa na Mauwa, na Yustina akiwa wa mwisho, akichungulia kila gogo kabla ya kuvuka mlango. Mauwa alitembea kwa mwendo wake, na wote wakaufuata mwendo huo.

Fransis alinung'unika, "Mwalimu, kwa mwendo huu tutafika lini?"

"Tutafika wote, Fransis," Mwalimu Atuganile alijibu. "Sikilizeni, wanangu. Siku ya hatari hakuna wa kuachwa kwa kuwa anatuharibia mstari. Mpango wa kujiokoa unaanza na yule mwenye mwendo wa polepole kuliko sote. Tukimfikiria yeye kwanza, wengine wote tutakuwa salama."

Watoto wakasimama juani, mstari wao umepinda, wakimngoja Yustina amalize kuhesabu.