Mashine Iitwayo Jikoni

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta. Jumapili moja alikuwa ofisini peke yake, akijaribu mfumo wa kuchunga mashine: ukiandika jina la mashine kwenye faili, mfumo wenyewe huitafuta, na ikiitika, taa ya kijani huwaka kwenye skrini; isipoitika, nyekundu. Ili aone nyekundu, akaandika jina la uongo, “jikoni”. Jikoni kwake hakuna hata redio. Tangu mkewe afariki, anaishi peke yake, na hula amesimama.

Ikawaka kijani.

“Acha utani,” akaiambia skrini, akalifuta jina. Taa ikabaki kijani.

Jioni alikuta nyumbani umeme umekatika. Akafungua mlango, akasimama gizani. Kule jikoni kiti kikavutwa, miguu yake ikikwaruza sakafu. Kimya kidogo. Kisha kikavutwa cha pili.