Shali Iliyobaki Nusu

Haya yalimpata rafiki yangu Mwajabu wa Kibondo mwaka 2014, na mpaka leo hagusi sindano za kufumia.

Yeye na Consolée wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu walikuwa wakimfumia shali mtoto ambaye Consolée alimtarajia. Mmoja alifuma shubiri mbili, akaituma kwa posta, mwenzake akaendeleza. Consolée hakuwa na mkasi. Uzi aliukata kwa meno.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Mwajabu. Akaifungia shali sandukuni pamoja na sindano, kila siku akisema kesho. Consolée akatuma ujumbe: "Dada, shali imefika wapi? Mtoto anakaribia." Mwezi ukapita.

Adhuhuri moja ya mvua, Eugène, mume wa Consolée, akapiga simu. "Dada, Consolée ametuacha leo asubuhi, na mtoto tumboni. Mpe dereva wa basi ile shali, hata nusu, tuwafunike nayo."

Mwajabu aliingia stoo akilia. Umeme ulikuwa umekatika. Mvua ikanyamaza juu ya bati, na ndani ya sanduku akasikia sindano zikigongana, ti, ti, ti, kisha kimya.

Akafungua kufuli, akapapasa gizani. Shali ilikuwa imekwisha kufumwa, nzima. Akaifuata kwa vidole hadi kwenye ncha ya uzi. Uzi ulikuwa umekatwa kwa meno, na mate yalikuwa hayajakauka.