Mashuka Arobaini na Mawili

"Usiniangalie hivyo, mume wangu. Kama nimekuudhi, nuna kama watu wengine."

Dobi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, pembeni mwa chumba cha kupigia pasi, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Tangu kiharusi kimpate, nusu ya uso wake ilishuka, na mkewe kila akiitazama anaona dharau. Miezi saba anaitazama. Siku hizi akijiangalia kwenye kioo anakuta na yeye midomo imeshuka vilevile, utadhani wameambukizana.

Simu ikaita kwa ujumbe. Dada yake.

"Mdogo wangu, Jumamosi nakuja kukuchukua. Ndugu zake wapo, wamtunze wao. Umekwisha wewe. Hata ukicheka kwenye simu unacheka kama umelazimishwa."

Akaandika "Sawa dada". Akafuta. Akaandika tena, akatuma.

"Dada anakuja Jumamosi," akamwambia mumewe. "Nitaenda naye. Kwa muda tu."

Wote wawili walijua huo muda hauna mwisho.

Mkewe hakuchoshwa na kumwogesha wala kumlisha. Kilichomchosha ni swali. Asubuhi ile ya ugonjwa, baada ya wiki nyingi za kununiana, alimuuliza, hivi wewe bado unanitaka? Dobi akaweka ndoo chini, akasema ngoja nianike kwanza. Akaanguka katikati ya kamba za nguo, na jibu likabaki hukohuko. Toka siku hiyo akawa na "ee" na "mmh", basi.

Na mkewe akafanya alichoona ndicho mke mwema hufanya. Akampokonya kila kazi. Vifungo alimfunga yeye, kijiko alishika yeye. Daktari wa mazoezi alimgombeza mpaka akachoka, akimwambia amrudishe mgonjwa kwenye kazi aliyoizoea, mwili ukikumbuka na ulimi huamka. Aliitikia kwa adabu, akafika nyumbani akamkalisha tena. Amfanyishe kazi mgonjwa, majirani wamwiteje?

Siku ile ilikuwa zamu ya mashuka ya nyumba ya wageni, yale mapana ya vitanda vikubwa. Alikuwa anayakunja peke yake, katikati ameshika kwa kidevu, pembe kwa mikono. Shuka la kwanza tu likamponyoka, upande mmoja ukafika sakafuni. Hakuinama. Alichoka mpaka hasira ikakosa pa kukaa.

Kiti kikalia. Dobi alikuwa anainuka.

"Kaa, utaanguka."

Hakukaa. Aliegemea meza ya pasi, akaiokota pembe moja kwa mkono wa kushoto, ya pili akaibana kwapani. Halafu akalivuta shuka kidogo, ule mvuto wao wa zamani, na mikono ya mkewe ikavuta pia kabla mwenyewe hajaamua. Ndivyo walivyokunja miaka yote. Kung'uta, vuta, kunja, sogeleana, na Dobi ndiye aliyehesabu kwa sauti, maana mkewe akianza stori hesabu zote hupotea.

Hatua mbili, pembe zikakutana.

"Moja," akasema Dobi.

"Umesemaje?"

Akamwonyesha fungu kwa nyusi. Wakachukua jingine.

"Mbili."

Wakachukua jingine tena.

"Tatu... bosi."

Bosi. Jina hilo aliacha kumwita hata kabla hajaugua. Mkewe akabaki ameshika shuka, macho yanamwasha.

"Usinifanyie hivyo. Hayo ni mazoea tu, mikono inakumbuka na mdomo unafuata. Mimi nataka la moyoni."

Mguu wa Dobi ulikuwa unatetemeka, jasho linamtoka. Mkewe alitamani kumsogezea kiti. Akajizuia. Dobi akaanza kulivuta shuka polepole, pumzi kwa pumzi, mpaka akamfikisha mbele yake.

"Asubuhi... ile. Uliuliza." Kila neno alilitoa kama anakamua blanketi zito.

"Niliuliza."

"Nakutaka." Akapumua. "Lakini... umenikalisha. Umenikalisha, bosi."

"Nilidhani nakupumzisha."

"Nika... potea."

Mkewe akamfuta jasho kwa kona ya shuka la wageni, safi kabisa, litarudi kwenye maji. Upande mmoja wa uso wa Dobi ukapanda. Ndipo mkewe alipoelewa kwamba mwanaume huyu alikuwa anamtabasamia miezi yote saba kwa nusu ya uso aliyobakiwa nayo, na yeye alikuwa anaisoma nusu nyingine. Shavu lake mwenyewe likapanda pia, likauma, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Simu ikaita. Dada tena, safari hii kwa sauti.

"Umeanza kufunga mizigo?"

"Siji, dada."

"Amekufanya nini tena huyo?"

"Amesimama."

Dada akataka kujua kusimama ndiyo nini, na uchovu wote ule ameuweka wapi.

"Uchovu ninao, dada. Nimechoka hata kushika simu. Ila tuna mashuka ya watu hapa, kama arobaini hivi."

"Arobaini... na mawili," ikaja sauti nyuma yake. Alikuwa ameyahesabu tangu asubuhi, pale kitini.

"Nani huyo anaongea?"

"Shemeji yako," akajibu. "Ngoja nikate, ananivuta."