Jina Lililozikwa

Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa, anga nyeupe, bahari shwari. Doreen aliegesha boti, akaita kwa sauti kuelekea nchi kavu: "Wazee, ni mimi, binti yenu!" Ndivyo walinzi wa bahari, wenyeji wa asili, wanavyowapigia hodi wahenga wao katika ghuba zao, kaskazini mwa Australia. Clancy, mwana wa dada yake aliyekuwa naye botini, Doreen hakumtaja. Mtoto wa nyumbani hatambulishwi, aliwaza, akasahau kwamba kijana huyo alizaliwa na kukulia mjini.

Wavu uliotelekezwa baharini ulikuwa umenasa kwenye mikoko. Ndani yake, kasa alikuwa bado anapumua.

"Mama mdogo, kisu hiki hakikati hata siagi."

"Kisu kizima, mkono ndio wa mjini. Mama yako, na vidole vyake tisa, angekuwa ameshamaliza."

Wakacheka. Jua likafika utosini. Ndege wakanyamaza, wote kwa pamoja.

"Clancy."

Sauti ilitoka mikokoni. Laini. Ya mama yake.

Walimzika masika yaliyopita, na tangu hapo hakuna aliyelitamka jina lake. Marehemu haitwi jina, asije akashindwa kuondoka.

"Umesikia?" Clancy alinong'ona.

"Usiitike."

"Ni mama."

Akaingia topeni. Magotini. Kiunoni. Sauti ikambembeleza: "Njoo, mwanangu, ni mimi." Kisha ikajitaja. Jina lile lile, lote.

Nywele zilimsimama Doreen. Halafu hasira ikampanda.

"Muongo! Dada yangu hawezi kulitaja jina lililozikwa!"

Akatambaa juu ya mizizi, akamkamata Clancy ukosi. Akajifuta jasho kwapani, akampaka usoni.

"Wazee, mnuseni! Huyu ni wetu! Kosa ni langu, sikumtambulisha. Na wewe unayeazima majina ya watu, ghuba hii ina wenyewe. Hatutoki!"

Tope likavuta. Doreen akavuta. Mara Clancy akachomoka, kama aliyesukumwa kutoka nyuma.

"Twende botini," alisema, meno yakigongana.

"Na kasa?"

Clancy akamtazama yule kasa. Akaokota kisu.

Sauti ikaita. Wakakata. Ikalia. Wakakata. Ikacheka, karibu kabisa na masikio yao. Wakakata, mpaka kasa akaburuta tumbo mchangani na kuyafikia maji.

Jioni, bombani, Clancy alivua shati. Kifuani lilijaa tope jeusi. Mgongoni palikuwa na viganja viwili vya tope jeupe, vidogo, vimegandamizwa kwa nguvu. Cha kushoto kilikosa kidole cha mwisho.

Doreen alizitazama alama zile, akachukua sabuni.

Hazikutoka. Asubuhi Clancy alilivaa shati hivyo hivyo, wakarudi kuumalizia wavu.