Maji ya Tangi la Kwanza

Je, mwanangu, umewahi kuona samaki akiguswa mkia kwa kijiti cha kioo ili ijulikane kama yu hai? Emmah aliiona kazi hiyo kabla hajatimiza miaka kumi na miwili, ingawa yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukishika kile kijiti.

Likizo ile ya Agosti mama yake, Dama, hakuwa na mtu wa kumwachia. Kila asubuhi walitoka chumbani kwao nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, wakanunua mahamri manne na mbaazi za kufungiwa, wakaenda mtaa wa Kizingo, kwenye maabara ndogo ya kupima maji. Dama alikuwa fundi wa maabara hiyo. Emmah aliketi kwenye stuli karibu na dirisha, akitumwa hiki na kile.

Wiki hiyo walikuwa wakipima sabuni kali ya kutolea grisi kwenye mapipa ya chuma. Ilitakiwa ijulikane: sabuni hiyo ikimwagika majini, itaua samaki wangapi, na kwa muda gani? Palikuwa na matangi matano ya kioo, na katika kila tangi vifaranga kumi vya perege, kila kimoja urefu wa kidole cha shahada. Tangi la kwanza lilikuwa na maji matupu. La pili lilitiwa sabuni kidogo, la tatu ikazidi, vivyo hivyo hadi la tano. Kwa siku nne samaki hawakulishwa. Kila siku, saa ile ile, waliokufa walitolewa na kuandikwa, kisha maji yakabadilishwa.

"Hili la kwanza ndilo la kulinganishia," Dama alimweleza. "Humu akifa zaidi ya mmoja, kipimo chote kimeharibika."

Maji ya kubadilishia yaliwekwa katika pipa nyuma ya stoo. Yalikingwa bombani, yakakaa siku mbili yakipulizwa hewa, ili itoke klorini, ile dawa ya kuulia vijidudu, kwa sababu inachoma matamvua ya samaki, wanakopumulia.

Jumanne Dama alikwisha kuchota maji ya matangi manne, akawa anapima sabuni kwenye mizani. "Emmah, niletee ndoo ya tangi la kwanza. Uchote pipani."

Jua lilikuwa kali, kopo la kuchotea lilikuwa dogo, na bomba lilikuwa hapo hapo mlangoni. Maji ni maji tu, Emmah akasema moyoni. Akafungua bomba na ndoo ikajaa mara moja. Dama akayatia tangini bila kuuliza.

Asubuhi ya Jumatano, samaki saba wa tangi la kwanza walikuwa wamelala ubavu juu ya maji. Katika tangi la tatu alikufa mmoja tu.

Siku hiyo alikuwapo Bassam, msimamizi wa kiwanda cha sabuni ile, amekuja kuona kipimo. Alilionyesha tangi la tatu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Tazameni wenyewe! Wa maji safi wamekufa, wa sabuni yangu wanacheza. Nyinyi ogeleeni kwenye sabuni, maji waachieni wengine!"

Bi Alawiya, mkuu wa maabara, hakucheka. Alichovya kikaratasi cha kupimia klorini katika tangi. Kikageuka rangi ya waridi.

"Dama, umetia maji ya bomba."

"Sikutia, Bi. Ni ya pipani."

"Kwa hiyo kikaratasi ndicho kinachosema uongo? Mzembe wewe, na mwongo juu yake! Kesho saa tatu uje ofisini. Ukija na maneno haya haya, chukua na vitu vyako."

Dama alimtazama Bassam aliyekuwa bado anatabasamu, akavua koti la kazi.

Walirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Fairuz, mtoto wa jirani, alikuwa barazani anasuka mdoli wake nywele. "Mbona mapema leo? Mamako kafukuzwa kazi?"

"Funga mdomo wako!" Emmah akamkemea.

Ndani, Dama aliketi kitandani bila kuvua viatu. "Emmah, yale maji uliyachota wapi?"

"Pipani, mama."

"Una hakika?"

"Mbona huniamini? Nimesema pipani!"

"Haya. Kesho nitawaambia mwanangu kasema pipani."

Usiku Emmah aliyawaza maneno hayo. Mama yake angesimama mbele ya watu na kuutetea uongo wake, kisha afukuzwe kwa ajili yake.

Kesho yake ofisini Bassam alikuwa amekwisha kuketi. Dama akaanza, "Bi, maji yale yalichotwa—"

"Bombani!" Emmah akadakia. "Niliyachota bombani mimi. Mama hakujua. Na jana nikamdanganya."

Bassam akapiga makofi. "Maabara ya watoto!"

Dama alimtazama binti yake kwa jicho kali, lakini hakumpiga wala hakumtukana. Bi Alawiya akavua miwani.

"Sikiliza, wewe mtoto. Uvivu wako uliua samaki saba, na hao hawarudi. Lakini uongo wako ulikuwa karibu kuua jina la mtu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo. Na kuanzia leo usitie mguu humu. Utakaa nje."

Dama alibaki kazini, na kipimo kikaanzwa upya kwa samaki wengine. Siku zote nne Emmah alikaa nje kizingitini, juani, na hakuna aliyemwonea huruma. Siku ya mwisho Bi Alawiya alimsomea Bassam matokeo: tangi la kwanza, wote kumi hai, la tatu, watano wamekufa, la nne na la tano hakubaki hata mmoja.

Bassam alikunja karatasi ya matokeo bila mzaha, akashika kitasa cha mlango atoke.

"Ngoja, Bwana Bassam," Dama akasema. Akamgeukia mkuu wake. "Bi Alawiya, uliniita mwongo mbele ya mgeni huyu. Bado yupo. Niombe radhi mbele yake."